Mizani ya Velga

Magazeti ya Innsbruck, kule Austria, yaliandika kwamba sisi watu wa Sigulda, mji mdogo wa Latvia, tuliiba medali kwa keki. Kwanza, haikuwa keki. Ilikuwa klingeri, mkate mtamu uliosokotwa, wa zafarani na zabibu kavu, na mwandishi asiyejua tofauti ya klingeri na keki anyang'anywe kalamu. Pili, hakuna aliyeiba kitu. Mimi, Tālivaldis, ndiye niliyekuwa kocha wa Selga. Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na kama kuna mtu aliyewaza ubaya siku zile mbili, basi ni mimi peke yangu, na hakuna aliyenisikiliza.

Selga ni binti wa marehemu dada yangu. Kazi yake ilikuwa skeletoni: unakimbia ukisukuma kisledi chako, kigari cha kutelezea barafu kisicho na magurudumu, unajitupa juu yake kifudifudi, kichwa mbele, halafu unaporomoka kwenye mfereji wa barafu mpaka chini huku kidevu kikikaribia kulamba barafu. Breki hakuna. Usukani hakuna. Unakata kona kwa bega, kwa goti na kwa kumwomba Mungu. Kwetu hiyo ni kazi ya heshima kabisa. Mtoto akisema anataka kuwa mwanasheria, hapo ndipo wazazi wanapoanza kukosa usingizi.

Ila Selga alikuwa na mkosi wake. Kila mara alikuwa wa nne. Mashindano ya Ulaya, wa nne. Mashindano ya dunia, wa nne. Michezo mikubwa ya majira ya baridi, ile ambayo hata watu wasiojua theluji huitazama, wa nne. Jukwaa lina nafasi tatu, na yeye daima alikuwa pembeni anawapigia wenzake makofi. Mzee Visvaldis, jirani yetu, ambaye enzi za Wasovieti alikuwa mshika breki wa sledi ya watu wanne, alisema serikali imjengee kibao chake mwenyewe pale pembeni. Selga alicheka na wengine, lakini jioni ile Velga, mke wangu, alimkuta kwenye banda la kuni akilia. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Alishatangaza kwamba mashindano ya dunia ya mwaka ule, yaliyokuja kufanyika hapahapa nyumbani, ndiyo ya mwisho kwake. Akitoka mikono mitupu, ndiyo basi tena.

Siku ya kwanza ikaisha. Akawa wa nne.

Mkanada na Mjerumani walikuwa wamekwenda zao mbele, hawashikiki. Wa tatu alikuwa Resi, Mwaustria kutoka milima ya Tiroli, naye alikuwa amempita Selga kwa muda usiotosha kukonyeza jicho. Na huyo Resi alikuwa anakaa nyumbani kwangu! Miaka mingi nyuma alikuja kushindana akakosa hoteli, Velga akamkuta kituo cha mabasi anakula soseji baridi, akamleta nyumbani. Tangu hapo kila akija Sigulda anashukia kwetu, analala chumba cha juu, anamwita mke wangu Mama Velga na anaongea Kilatvia cha kuokoteza ambacho kinanichekesha mpaka leo.

Sasa, uzito. Katika mchezo huu mzito huporomoka haraka kuliko mwepesi, kwa hiyo waamuzi wameweka kikomo: mtu na sledi yake wakipimwa pamoja wasizidi kiasi fulani. Mwenye akili huja akiwa amekaribia kikomo hicho kabisa. Ukizidi hata kwa uzito wa kijiko, umefutwa. Na mizani ya waamuzi iko chini, mwisho wa njia. Unapimwa ukishamaliza, wakati hakuna tena la kufanya. Kwa kawaida ukinenepa kidogo unatoa kwenye sledi yako kipande cha madini ya risasi kilichowekwa kuongeza uzito, mambo yanaisha. Lakini baada ya siku ya kwanza waamuzi huzichukua sledi zote, wanazifungia chumbani mpaka kesho yake, na huruhusiwi kugusa hata skrubu. Usiku huo, kama unataka kubaki ulivyo, funga mdomo.

Kwetu kalenda hulitengea kila jina siku yake ya sherehe. Nayo, kwa ukatili wake, ilikuwa imeandika kwamba jioni ileile ndiyo siku ya jina la Selga.

Siku ya kuzaliwa unaalika watu. Siku ya jina hualiki mtu. Unaacha mlango wazi, unabandika kahawa, na anayekuja amekuja. Ukifunga mlango siku hiyo, siku ya msiba wako utazikwa na kasisi peke yake. Nilimwomba Velga tuzime taa tujifanye hatupo. Alinitazama kama nimemwambia tumuuze mtoto.

Walikuja wote. Mtaa mzima, klabu nzima, kwaya nzima. Kila mmoja na klingeri yake, au sinia la vimkate vya nyama iliyokaushwa kwa moshi, au bakuli la njegere za kijivu zinazoogelea kwenye mafuta ya nguruwe. Kila mmoja na maua yake, matatu au matano, kamwe si manne, kwa sababu manne hupelekwa makaburini. Nilimweka Selga kwenye kiti cha heshima na kikombe cha chai ya maua ya mlindeni, nikasimama nyuma yake.

"Mwenye jina mbona hali?" Mzee Visvaldis aliuliza.

"Anakunywa chai."

"Chai? Siku ya jina lake? Anaumwa?"

"Ana mashindano kesho, mzee. Uzito."

"Mimi enzi zangu nilikula nguruwe mzima usiku wa kuamkia mashindano."

"Na sledi yenu ikavunjika," Velga alisema kutoka jikoni.

"Ilivunjika kwa sababu ya dereva!"

Kukataa chakula cha siku ya jina ni tusi, kwa hiyo nilijitolea. Kila kipande kilichowekwa kwenye sahani ya Selga nilikila mimi. Nilikula kwa ajili ya taifa. Velga akapita na sinia, akasema, "Jamani, mtazameni bwana kocha anavyoteseka," na kwaya nzima ikaangua kicheko. Lakini tumbo langu moja lisingeweza kumeza mapenzi ya mji mzima, na watu walipoona mimi nimeanza kuhema, wakamgeukia Resi.

Maskini Resi. Yeye alikuwa mgeni, na mgeni kwetu hana sauti. Akila kimoja wanasema amekipenda, wanamwongezea. Akisita wanasema anaona haya, wanamwongezea. Nilimwona akipambana kishujaa. Alikuwa anaonja tu, anakata kipande kidogo, anakizungusha kwenye sahani. Lakini alikuwa na udhaifu wake, vile vimkate vya nyama, na nilivyomwangalia vilikuwa vikipungua upande wake wa meza. Kumhesabia mgeni chakula si adabu yetu.

Hapa lazima nieleze habari ya mizani ya Velga. Iko bafuni ghorofani, na chini yake ina kagurudumu kadogo ka kurekebishia mshale. Miaka kadhaa iliyopita Velga alikagundua hako kagurudumu, akakazungusha nyuma kilo nzima na zaidi. "Hii ni nyumba yangu," alisema. "Siwezi kutukanwa na chombo asubuhi kabla sijanywa kahawa." Habari zikaenea. Wanawake wa mtaa wakawa wanakuja kwetu kujipima, wanashuka ngazi wanatabasamu, wanaomba kipande kingine. Mimi na Selga tuliijua siri hiyo. Mgeni wa Tiroli hakuijua.

Asubuhi Velga na wenzake wa kwaya waliwahi kwenda kushika nafasi kwenye uzio kule chini. Mimi, Selga na Resi tulikwenda juu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Selga alikuwa amejipima kwenye mizani ya klabu, yuko sawasawa. Alikuwa anafunga viatu vyake vya misumari, Resi ameketi mkabala naye, anaimba.

"Unajua nini?" Resi alisema. "Jana nimekula kama mbwamwitu. Leo nimepanda mizani ya Mama Velga, na nikijumlisha na sledi niko ndani ya kikomo! Kidogo tu, lakini ndani. Hewa yenu ina dawa."

Selga akaacha kufunga viatu. Aliinua kichwa, akaniangalia. Mimi nikaanza kukagua dari.

"Mjomba. Njoo huku."

Tukatoka kwenye ujia.

"Ile mizani, Mjomba."

"Mizani gani?"

"Usijitie hamnazo. Kama mizani ya Mama Velga inasema yuko ndani kidogo, basi amezidi. Watamfuta kule chini."

Sasa sikilizeni. Mimi ni binadamu. Nilimwona mtoto wa dada yangu akilia kwenye banda la kuni. "Kila mtu na mizani yake, mwanangu," nilimwambia. "Hatukumwambia apande hiyo. Hatukumwambia ale. Wewe nenda kashindane, nyamaza tu. Kunyamaza si dhambi."

"Anakula mezani kwetu."

"Alikula mno. Ndiyo shida yenyewe."

"Mjomba!"

"Selga, hii ni mara yako ya mwisho. Hutapata nyingine. Ukifungua mdomo wako umekuwa wa nne, na utakuwa wa nne mpaka unazeeka."

Macho yake yalijaa maji. Nilidhani nimemshinda. Akayafuta kwa mkono, akasema, "Basi nitakuwa wa nne," akarudi ndani.

Nilisikia yote kutoka mlangoni. Selga alimweleza habari ya kagurudumu, na kwanza Resi alicheka, akidhani ni mzaha wetu wa Kilatvia. Halafu akaacha kucheka. Huku juu hakuna mizani, ya klabu iko mjini, ya waamuzi iko chini, na zamu ilikuwa inakaribia.

"Kilo nzima?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na zaidi."

Kilichofuata sijawahi kukiona katika maisha yangu ya ukocha. Resi alivua fulana nzito ya ndani, akaitupa. Akatoa hereni. Akachukua mkasi wa kukatia plasta, akashika msuko wake wa nywele aliokuwa nao tangu utotoni, akaukata kwa pigo moja, na Selga akapiga kelele kwa niaba yake. Akapenga kamasi kwa nguvu zote. Bado akaona haitoshi, akaingiza mkono ndani ya suti yake ya mbio na kuchomoa vikinga viwiko, vyote viwili, vile vinavyokuokoa unapougusa ukuta wa barafu.

"Hivyo usitoe!" Selga alisema. "Utaumia."

"Kuumia kutapona," Resi alisema. "Kufutwa hakuponi." Kisha akamkumbatia Selga pale na suti yake imelegea mikononi. Mimi nilishuka chini kwa gari la makocha. Selga hanitaki karibu anapoanza, anasema napumua kwa sauti, na siku ile nilikuwa na klingeri za mtaa mzima tumboni, nilikuwa napumua vibaya sana.

Katika duru ya mwisho aliye nyuma hutangulia, kwa hiyo Selga alishuka kabla ya Resi. Sijui niseme nini juu ya mteremko ule. Niliutazama kwenye skrini kubwa nikiwa nimemshika Mzee Visvaldis kola ya koti. Hakugusa ukuta popote. Kila kona aliingia kwa upole na kutoka kwa hasira, na alipopita mbele yetu watu walipiga ngoma mpaka moja ikapasuka. Akawa anaongoza. Lakini bado walikuwa watatu, na wawili tulijua hawashikiki. Yote yalimngoja Resi.

Resi akaanza vizuri. Juu kabisa alikuwa mbele ya Selga, katikati bado yuko mbele. Kisha ikaja ile kona ndefu ya mwisho ambayo karibu kila mtu huigusa kwa kiwiko, na mwenye kinga hajali. Resi aliigusa. Nilimwona akivuta mkono, kitu kidogo sana, jinsi mtu anavyojitoa kwenye sufuria ya moto. Alipovuka mstari alikuwa nyuma ya Selga kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Mji mzima ulilipuka. Mimi sikulipuka bado, nilikuwa natazama mizani. Resi alipanda na sledi yake, kiwiko kinavuja damu, nywele zimesimama. Mwamuzi, mama mmoja wa Kinorwe, aliangalia, akavaa miwani, akaangalia tena.

"Uko chini sana," alimwambia. "Hapa ungeweza kubeba na kuku."

Resi hakuelewa. Kocha wake, ambaye Resi alishamsimulia yote kabla ya kushuka, alielewa haraka mno. Alihesabu kwa vidole, fulana, vikinga, msuko, akageuka akanyoosha mkono kwa Selga. "Alikuwa halali tangu mwanzo! Wamemdanganya! Wamemtisha akavua kinga zake!" Waandishi wakasogea. Selga alisimama pale na bendera mabegani, uso umempauka. Resi alimtazama, akaondoka.

Nilimtafuta mke wangu kwenye uzio. Velga alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Velga. Ile mizani."

"Niliirudisha," alisema.

"Uliirudisha lini?"

"Krismasi. Jirani yetu Austra aliiamini, akashindwa kufunga sketi kwenye harusi ya binti yake. Nikaona aibu. Nikarudisha kagurudumu mahali pake."

"Na hukutuambia!"

"Ningekwambia ungeuliza sasa nina kilo ngapi." Akaanza kulia. "Wanawake wote wamenuna tangu Januari, kila mmoja anadhani ni mafuta ya sikukuu. Mimi ningejua vipi kwamba mtaifanyia kazi?"

Selga alipanda jukwaani. Mara yake ya kwanza, ngazi ya tatu, nyumbani kwao, na alisimama pale ameinamisha uso. Iliniuma kuliko zile mara za nne zote.

Jioni tulikaa mezani na mabaki ya jana, hakuna aliyekula. Medali Selga ameiweka ndani ya bakuli la sukari na kulifunika. "Kesho nitampelekea," alisema. "Nitampelekea, nitamwambia samahani, basi." Begi la Resi lilikuwa bado juu. Tulisikia hatua kwenye theluji, mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Resi aliingia, mkono umefungwa bendeji, ameshika maua yamefungwa kwenye gazeti. Hakumpa mtu.

Velga aliinuka, akapanda ghorofani, akashuka na mizani, akaiweka sakafuni mbele ya Resi. Alieleza yote, kagurudumu, sketi, Krismasi, kwa kasi ambayo hata mimi nilikosa nusu. "Ni mimi," alimalizia. "Si mtoto. Mtoto alikwambia alichokijua."

Resi akamgeukia Selga.

"Ungenyamaza," alimwambia Selga, "ningekushinda."

"Nilivyojua mimi," Selga alijibu, "ningenyamaza ungefutwa na mimi ningeshinda."

"Ndiyo. Nimetembea mpaka mtoni na kurudi nikiliwaza hilo. Kocha wangu hataki kulielewa. Anasema mtu hawezi kuwa mjinga kiasi hicho."

"Anaweza," nilisema. "Nilimshauri asiwe."

Resi akafungua gazeti. Ndani kulikuwa na maua manne. Velga alishika kifua.

"Najua manne ni ya nini," Resi alisema. "Niliyanunua nikiwa na hasira." Akachomoa ua moja, akalichomeka kwenye tundu la kifungo cha koti lake mwenyewe. Matatu yaliyobaki akayaweka mikononi mwa Selga. "Siku ya jina njema. Hili la nne leo ni langu. Sasa lete vile vimkate, msimu umekwisha."

Selga alilia kwa sauti, kilio cha miaka yote ile kwa pamoja, na Resi akamkumbatia kwa mkono mmoja huku wa pili umeshaanza kula. Nikafunua bakuli la sukari. Medali ilitoka na chembe za sukari, Velga akaipangusa kwa aproni na kumvalisha.

Kwa hiyo waandike wanavyotaka kule Innsbruck. Angenisikiliza mimi kocha wake, mtu mzima mwenye uzoefu, angekuwa wa nne mpaka leo.

Usiku wakati wa kulala nilimkuta Velga bafuni, amepiga magoti, ameipindua mizani, ulimi nje, anazungusha kagurudumu. Asubuhi Resi alishuka ngazi kwa kelele.

"Mama Velga! Nimepungua!"

"Ni hewa yetu, mwanangu," Velga alisema, akamkatia klingeri.